Namna ya Kuifikisha Habari ya Mtaa wa Mombasa Mbele ya Mabalozi na Baraza la Haki za Binadamu

Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi na polisi wakafyatua risasi, mabalozi wa nchi 13, zikiwemo Uingereza, Marekani, Ujerumani na Kanada, walitoa taarifa ya pamoja wakisema kwamba walikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu ghasia zilizotokea na kwamba walisikitishwa na vifo na majeraha, yakiwemo yale yaliyotokana na risasi halisi. Hapa Mombasa taarifa ile ilizunguka kwenye simu za watu kwa kasi, na kwenye vibaraza vya kahawa wako walioichukulia kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Haikuwa hukumu, wala waliotia saini hawakudai kwamba ni hukumu. Kauli ya ubalozi hupata uzito pale inapounganishwa na jambo moja mahususi ambalo serikali yenyewe imekwisha kulikubali kwa maandishi, na kazi ya kulitafuta jambo hilo na kuliweka mezani humwangukia mtu wa mtaani, kwa sababu balozi hakai Kisauni wala hajui ni kituo gani cha polisi kilichokataa kuandika ripoti.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya mitaa, wasaidizi wa kisheria, na jamaa za watu waliodhulumiwa ambao wana habari ya kweli lakini hawajui waipeleke wapi na waiandike vipi.

Kusoma maneno ya wanadiplomasia

Kabla ya kuandika chochote, jifunze kusoma. Wanadiplomasia wana ngazi za maneno, na mtu asiyezijua huhesabu kila taarifa kuwa sawa. Ngazi ya chini kabisa ni kusema kwamba ubalozi “unafuatilia kwa karibu”, maneno ambayo hayamfungi mtu yeyote. Juu yake kuna “wasiwasi”, kisha “wasiwasi mkubwa”, kisha “kushtushwa”, na mwisho “kulaani”, neno ambalo hutumiwa kwa uchache kwa sababu likishatamkwa serikali husika huweza kumwita balozi ajieleze. Hata hivyo ngazi ya hisia si jambo la kutazamwa kwanza. Tazama kama taarifa ina kitenzi cha kudai: je, inataka uchunguzi huru ufanywe, inataka mtu fulani afikishwe mahakamani, inataja sheria au mkataba wowote? Taarifa isiyosema nani afanye nini ni salamu za rambirambi, na salamu za rambirambi zina heshima yake, lakini usizijengee mkakati.

Jibu la serikali nalo huwa la kutabirika: kwamba nchi ni huru na wageni wasiingilie mambo ya ndani. Usibishane na jibu hilo kwa hasira. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 2(6), inasema kwamba mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa mwaka 1972, na iliuridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu mwaka 1992. Kwa hiyo anayeitaja mikataba hiyo hazungumzii sheria ya wageni. Anaisomea serikali maandishi yake yenyewe.

Mlango upi wa kubisha

Ipo milango kadhaa, na wengi wetu hupoteza mwaka mzima kwa kubisha ule usiofunguka.

Kuna mlango uliofungwa ambao watu huusikia sana: mtu binafsi kuishtaki serikali yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Kenya haijajiunga na itifaki inayoruhusu malalamiko ya aina hiyo, basi usipoteze karatasi. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo haiwezi kumpokea Mkenya moja kwa moja, kwa kuwa Kenya iliridhia itifaki ya kuiunda lakini haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na mashirika kushtaki. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walifika Arusha na kushinda mwaka 2017 kwa sababu kesi yao ilipelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu yenye makao yake Banjul, Gambia, na Tume hiyo kwa kawaida hutaka kwanza uonyeshe kwamba umezimaliza njia za mahakama za nyumbani, au kwamba njia hizo zimecheleweshwa kupita kiasi.

Mlango wa pili hauna sharti hilo. Wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, kama yule anayeshughulikia mauaji yanayofanyika nje ya sheria, na kikundi kazi cha watu waliotoweshwa kilichoundwa mwaka 1980, hupokea habari hata kama kesi haijafika mahakamani. Huiandikia serikali barua, na kwa kawaida barua ya madai huipa serikali siku 60 za kujibu kabla haijachapishwa. Kwa mtu aliyetoweshwa ndani ya miezi mitatu iliyopita, kikundi kazi kina utaratibu wa dharura, kwa hiyo usingoje arobaini ipite ndipo uanze kuandika. Jua pia kwamba jina lako wewe uliyeleta habari huhifadhiwa kwa siri, lakini jina la aliyedhulumiwa kwa kawaida hupelekwa kwa serikali, maana serikali haiwezi kuulizwa kuhusu mtu asiyetajwa.

Mlango wa tatu ndio mpana zaidi, na ndio nitakaoukalia. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, linalokaa Geneva, liliundwa mwaka 2006, lina nchi wanachama 47, na tangu 2008 huzipitia nchi zote za Umoja wa Mataifa kwa zamu, kila moja takribani kila baada ya miaka minne na nusu. Utaratibu huu hujulikana kwa herufi UPR. Kenya imepitiwa mara nne: 2010, 2015, 2020, na Mei 2025. Mara hii ya mwisho ilikaa kwenye kiti cha kuulizwa huku yenyewe ikiwa mwanachama wa Baraza, kwa kuwa ilikuwa imechaguliwa Oktoba 2024 kwa kipindi cha 2025 hadi 2027. Wapo wanaolicheka jambo hilo. Mimi naliona kuwa na manufaa, kwa sababu nchi inayoomba kura hutoa ahadi, na ahadi huandikwa.

Na hakuna mlango wowote kati ya hii unaochukua nafasi ya mahakama ya hapa. Wakazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walijulikana duniani kote, lakini kilichowapa kauli ya kushika ni hukumu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ya Julai 2020 iliyowapa fidia ya Sh1.3 bilioni, ambayo Mahakama ya Rufaa iliitengua na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mwanadiplomasia anayeizungumzia Owino Uhuru leo hasemi kwamba ameambiwa. Anataja hukumu.

Kuandaa jalada

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huiharakisha.

Neno linalotushinda kuliko yote ni “alichukuliwa”. Mama mmoja wa Likoni aliketi mbele yangu na bahasha ya kaki mapajani, akasema, “Wamemtukua mwanangu,” kwa Kimvita chake safi, nami niliyekuwa nikiandika nikaweka kwa Kiingereza neno lenye maana ya kukamatwa. Mwenzangu aliyeandika nakala nyingine akaweka neno lenye maana ya kutekwa nyara. Nakala zote mbili zikafika kwa afisa mmoja, naye akauliza kwa upole ni ipi aiamini. Kosa lilikuwa letu, na lilitugharimu miezi. Kukamatwa ni tendo la kisheria ambalo lina masharti yake, likiwemo sharti la ibara ya 49 ya Katiba kwamba mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kutekwa nyara ni uhalifu ambao waweza kufanywa na mtu yeyote. Kutoweshwa ni jambo la tatu: mtu amenyimwa uhuru wake, waliomnyima ni maafisa wa dola au watu wanaotenda kwa idhini yao, na kisha dola inakana au inaficha alipo. Kiswahili chetu hulifunika hili lote kwa neno moja la kutendwa, na kutendwa humficha mtendaji.

Kwa hiyo andika ushahidi kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, kisha umuulize kila neno. Nani? Walikuwa wangapi? Walivaa nini, walisema wao ni nani, walikuja na gari gani, namba yake ilionekana? Nani mwingine aliona? Ulienda kituo gani, saa ngapi, ukaambiwa nini, na uliyeambiwa naye alikuwa na cheo gani? Tafsiri ifuate baadaye, ifanywe na mtu mmoja, na isomwe tena kwa msemaji kwa Kiswahili kabla haijatoka nje ya chumba.

Bahasha ya mama yule ilikuwa na nakala ya kitambulisho, picha ndogo ya pasipoti, na kipande cha karatasi chenye nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ilikuwa pia na kitu ambacho yeye mwenyewe hakukithamini: ujumbe wa M-Pesa aliotumiwa na kijana wake, pesa kidogo za unga, wenye tarehe na dakika kamili. Shahidi mmoja alikuwa amesema ilikuwa baada ya magharibi, mwingine akasema kabla. Ujumbe ule ulitupa saa ya mwisho ambayo kijana alikuwa huru na simu yake mkononi. Tafuta vitu vya namna hiyo: risiti, tiketi ya basi, fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha), kadi ya hospitali, ripoti ya uchunguzi wa maiti. Nambari ya OB ndiyo ya kwanza. Kituo kikikataa kuitoa, andika siku, saa na kituo, kwa sababu kukataliwa nako ni ushahidi, kisha peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na utunze barua ya kupokelewa.

Suala la ridhaa lisifanywe kwa kutikisa kichwa. Maandishi yanayopelekwa kwenye UPR huchapishwa kwenye mtandao pamoja na jina la shirika lililoyaandika, na hayapokelewi bila jina. Mweleze jamaa ya mhusika kwamba serikali itayasoma, kwamba majirani waweza kuyasoma, na kwamba hayawezi kurudishwa. Akisita, ondoa jina na mtaa, ubakize mwaka, kaunti, na aina ya tendo. Nanyi wenyewe mjipime. Mwaka 2015 mashirika mawili ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalifungiwa akaunti za benki yakihusishwa na ugaidi, mpaka Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru zifunguliwe. Hesabu zenu za pesa ziwe safi kabla jina lenu halijafika Geneva.

Kuandika ndani ya maneno 2,815

Mapitio hutegemea nyaraka tatu: ripoti ya serikali yenyewe, mkusanyo wa habari zilizotoka katika vyombo vya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa yale yaliyoletwa na mashirika na taasisi nyingine. Shirika moja linapewa maneno 2,815. Mashirika yanayoandika kwa pamoja yanapewa 5,630. Tanbihi na viambatisho havihesabiwi. Tarehe ya mwisho huwa miezi kama sita au saba kabla ya kikao, na maandishi yanatakiwa hasa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Wenye kuzidisha maneno hawasomewi. Mara ya kwanza sisi tuliandika kurasa 30 na kuzionea fahari.

Usieleze historia ya Pwani tangu enzi ya Mreno. Chagua mambo mawili, au matatu kwa wingi. Kwa kila jambo, anza na kile Kenya ilichokubali katika mapitio yaliyopita, useme kimefanywa au hakikufanywa, utoe ushahidi kutoka mtaani, kisha umalizie kwa pendekezo. Pendekezo ndilo litakalonyanyuliwa na nchi fulani na kusomwa ukumbini, basi liandike tayari kwa kusomwa. Ukiandika kwamba Kenya iheshimu haki za binadamu na ikomeshe mauaji, hakuna atakayekataa, na hakuna atakayefanya lolote. Linganisha na hili: “Kenya ianze kuitekeleza Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ya 2017 kwa kuitengea bajeti ndani ya mwaka mmoja wa fedha, ili kila kifo kinachotokea mikononi mwa polisi kichunguzwe na mtu asiye polisi.” Sheria ipo, ilipitishwa na Bunge letu wenyewe, na kwa miaka mingi ilibaki kwenye karatasi. Serikali italazimika kusema itaitekeleza au haitaitekeleza. Vivyo hivyo na Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote Dhidi ya Kutoweshwa, ambao Kenya iliutia saini Februari 2007 bila kuuridhia: pendekezo lako liwe kuuridhia, na litaje mwaka.

Kuonana na afisa wa ubalozi

Kikao chenyewe cha Geneva huchukua saa tatu na nusu, na kwa kuwa nchi zinazotaka kusema huwa nyingi, kila moja hupata dakika moja au zaidi kidogo. Mwanadiplomasia mwenye dakika moja hana haja na jalada lako lote. Anahitaji ukurasa mmoja: hali ilivyo kwa sentensi tatu, mfano mmoja uliothibitishwa, na mapendekezo mawili.

Balozi zenyewe ziko Nairobi, na maafisa wao wa masuala ya siasa hushuka Mombasa mara kwa mara. Waandikieni mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya kikao, wakati nchi zao zinapotayarisha maswali. Atakayekuja huenda akawa kijana katibu wa pili wa ubalozi badala ya balozi, na msimdharau, maana yeye ndiye atakayeandika rasimu. Nchi za Ulaya si zote mlizonazo. Nchi za Afrika na za Amerika ya Kusini hutoa mapendekezo pia, na pendekezo lililotoka kwa nchi ya Kiafrika ni gumu zaidi kulitupilia mbali kwa hoja ya ukoloni. Fikirieni vilevile ni nchi zipi zinazofunza au kufadhili vikosi vya usalama vya Pwani, kwa sababu nchi hizo zina la kuulizwa na mabunge yao.

Msimwombe pesa katika kikao hicho, wala msizungumzie viza ya mtu yeyote. Akiuliza jambo msilolijua, semeni mtamletea jibu kwa tarehe fulani, na mlilete. Nimeona mkutano mzuri ukiharibika katika ukumbi wa hoteli moja ya Nyali kwa sababu mwenzetu, kwa uchungu alionao, alitaja idadi ya waliouawa ambayo hakuweza kuionyesha. Afisa alifunga daftari lake taratibu, akaendelea kutabasamu, na chai ikanywewa mpaka ikaisha.

Baada ya mapitio

Wengi huenda nyumbani hapa, ilhali faida ya kweli huanzia hapa. Ripoti ya kikao huorodhesha kila pendekezo kwa nambari yake, na pembeni, katika mabano, jina la nchi iliyolitoa. Kisha serikali hujibu kila moja: ama inaliunga mkono, ama “inalizingatia”. Kwa Kiswahili cha kawaida mtu akikwambia amelizingatia ombi lako unafurahi. Katika lugha ya Geneva maana yake ni kwamba hakulikubali. Chukua kalamu, pigia mstari yale yaliyokubaliwa yanayohusu jalada lako, na uandike jina la nchi kando ya kila moja. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi mpaka mapitio yajayo: umeshajua ni ahadi gani imetolewa, na ni ubalozi upi ulioomba itolewe.

Baada ya hapo iandikie wizara au idara inayohusika barua ya kuomba habari kwa mujibu wa ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uulize pendekezo nambari fulani limetekelezwa kwa kiwango gani, kwa bajeti ipi, na nani anayelisimamia. Sheria inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikikataa au ikinyamaza, Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, inaweza kuombwa iupitie uamuzi huo. Peleka barua nakala mbili, mkono kwa mkono, na usiondoke kaunta mpaka nakala yako imepigwa mhuri wenye tarehe. Siku ya 22 ikifika bila jibu, piga picha nakala ile na umtumie afisa wa ubalozi wa nchi iliyotoa pendekezo, pamoja na nambari ya pendekezo na sentensi moja inayosema kwamba ofisi iliyoahidi haijajibu.